Kiwanja Ambacho Maige Hajakikanyaga

Ukitaka kumwudhi Maige, mwambie mji wa Nachingwea umejipanga wenyewe. Atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya shati, na kama ulikuwa na haraka zako, imekula kwako. Atakuanzia kwenye mradi wa karanga wa wakoloni: walivyofyeka pori, wakanyoosha barabara kama watu waliogombana na kona, karanga zikawagomea, wakafungasha, barabara zikabaki. "Na sisi tumefanya nini tangu hapo?" atauliza, na kabla hujafumbua mdomo atajijibu mwenyewe: "Tumezipinda!"

Maige ni afisa mipango miji. Kwa kuzaliwa ni Msukuma wa Maswa, na alishuka stendi ya Nachingwea akiwa kijana mwembamba, begi moja mkononi na bomba refu la kubebea michoro begani. Vijana wa stendi waliliangalia lile bomba wakaafikiana kwamba huyu ni mganga wa Kanda ya Ziwa, amekuja na vifaa vyake. Hajakaa sawa gesti, mama mmoja akamfuata kuomba dawa ya kumtuliza mume. Maige akamweleza kwa adabu kwamba yeye kazi yake ni kupanga miji. Yule mama akafikiri kidogo, akasema sawa, aanze basi na mji wake, maana mume wake hajui hata mlango wa nyumbani uko upande gani.

Alikusudia kukaa miaka miwili, kisha aombe uhamisho arudi karibu na kwao. Hadi leo yupo. Sababu iliyomfanya abaki tutaifikia. Ina jina, na ina ulimi.

Ni mtu wa rula. Mstari ulionyooka unamfurahisha kuliko pilau. Nyumbani kwake kuni zimepangwa kwa urefu, vikombe vimeelekea upande mmoja, na mkewe anaapa kwamba ugali anaukata pembe nne kabla hajaumega. Kwa miaka yote hiyo amechora Nachingwea yote, na jirani zao wa Ruangwa walipopungukiwa na mtaalamu aliazimwa huko pia, akachora mitaa ambayo haijapata hata jina. Michoro mizuri, safi, ya rangi. Tatizo lake ni moja, nalo ni tatizo la wapanga miji wengi wa nchi hii: michoro haishuki. Inabaki kabatini, na huku nje watu wanajenga wanavyoona inafaa.

Sasa, chama cha kitaifa cha wapanga miji na mikoa kina wanachama wa namna mbili: kamili na watarajiwa. Mwanachama kamili anapewa muhuri wa duara wenye jina lake. Mtarajiwa anachora, halafu mchoro wake unasafirishwa kwa mwenye muhuri, mwenye muhuri anagonga, na jina linalobaki kwenye kona ya chini ya karatasi, milele na milele, ni la mwenye muhuri. Maige alikuwa mtarajiwa tangu alipofika. Kila kilichochorwa na mkono wake kilikuwa na jina la mtu mwingine: kwanza mzee mmoja wa Mtwara, akastaafu, akaja mama mmoja wa Lindi, akahamia Dodoma, na sasa, hapa ndipo palipomuuma kweli, jina lilikuwa la Brighton. Brighton! Kijana aliyekuja kwake kwa mafunzo kwa vitendo, hajui kushika rula ya vipimo, akafundishwa na Maige, akalishwa na mke wa Maige, akaondoka na shati la Maige aliloazima na hajalirudisha. Leo Brighton ana muhuri, na Maige anamtumia michoro kwa basi.

Ili uwe kamili, ni lazima uwaonyeshe wakaguzi wa chama angalau mchoro wako mmoja ulioshuka kwenye ardhi kama ulivyochorwa. Mmoja tu. Maige alikuwa ameshajaribu mara mbili, na mara zote mbili wakaguzi walikuja, wakaangalia, wakanywa soda, wakaondoka. Nafasi ni tatu. Hii ilikuwa ya tatu, na akishindwa atabaki mtarajiwa mpaka siku atakayostaafu.

Alikitaka kile cheti kwa moyo wote, na wala hakuwa anaficha. "Sitaki hela, sitaki gari," alimwambia mkewe. "Nataka siku moja mtu afungue mchoro, aangalie kwenye kona, aone Maige." Majirani wao waliposikia tu kwamba Baba Yunisi, kama wanavyomwita Maige, anaitwa na chama, walikuja kumpongeza kwa kugombea udiwani, na mmoja akaomba mapema kalavati mbele ya nyumba yake.

Safari hii Maige alikuwa na jibu. Katika fomu aliandika hivi: "Eneo la wazi la mtaa wa Mikoroshini, lililotengwa na mtaalamu, likaheshimiwa na wananchi."

Mikoroshini ni mtaa wa njia ya kwenda Lionja, na ulikuwa mchoro wake wa kwanza kabisa. Enzi hizo kulikuwa na mikorosho na nyumba za kuhesabu. Maige alikwenda na tepu yake ya chuma, akapima kwa furaha kutoka mkorosho hadi mkorosho, mpaka akafika mahali palipozungukwa na vichaka, pana njia nyembamba ya kuingilia, na ndani pamefagiliwa. Alipoinua mguu aingie, sauti ikamwambia:

"We kaka, hapo usipite."

Alikuwa msichana mrefu, ndoo kichwani, wala hakuishika. Maige akaeleza kuhusu serikali, kuhusu mipango miji, kuhusu maendeleo. Yule msichana akamsikiliza mpaka mwisho, akatua ndoo, akamnyang'anya tepu, akaikunja yote, akaifunga katika pindo la khanga. "Pima huko nje," akasema. "Nje kote ni kwako."

Basi Maige akazunguka. Akahesabu hatua kwa nje, vichaka vikimchana suruali, akarudi ofisini na umbo lililojipinda hapa na pale, limefanana na kipande cha muhogo. Hakuwa na cha kuweka humo kwa sababu hakujua kuna nini. Akalipaka penseli ya kijani, akaandika "eneo la wazi", akaendelea na mistari yake.

Kesho yake yule msichana alikuja ofisini kurudisha tepu. Akaomba kuona alichoandika. Akaitazama ile kijani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umefanya vizuri." Tangu Maige ashuke stendi hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno hilo. Akauliza jina. Akaambiwa Stumai. Habari za uhamisho ziliishia hapo.

Baadaye, bila shaka, alijua pale ni mahali gani. Mtaa mzima unajua: ni kiwanja cha ngoma ya wanawake, wasichana wanapochezwa unyago, na mwanamume haingii. Hata siku zisizo na ngoma, wanaume wa Mikoroshini wanapita mbali, na Maige, akiwa mkwe wa hapo, alipita mbali zaidi ya wote. Lakini miaka ilivyokwenda, mji ukaongezeka, nyumba zikabanana, na pale kati pakabaki wazi vilevile kama kwenye karatasi, akaanza kujisikia kwamba ni kazi yake. Mimi nililitenga, alikuwa akisema. Stumai akimsikia anageukia jiko, mabega yanatikisika.

Wakaguzi walikuwa waje Februari, mvua ikakata barabara. Wakapiga simu baadaye wakataja siku ya Juni, na Maige akaitikia kabla hawajamaliza kuitaja. Usiitikie namna hiyo kama una mke. Siku ile ile Stumai alikuwa ameshasema, huku anapepeta mchele, kwamba wiki hiyo hiyo ya Juni, shule zikiwa likizo, kutakuwa na shughuli kiwanjani. Maige alikuwa amejibu "sawa sawa," kwa sauti ya mwanamume anayesoma fomu.

Alipogundua, alikimbilia kwa Bibi Sikuzani. Huyu ndiye kungwi mkuu wa Mikoroshini, na kwa bahati mbaya ya Maige ni mama mkubwa wa Stumai, yaani mama mkwe wake. Haiwezekani kubishana na mama mkwe. Maige alikaa upande wa pili wa mlango, macho chini, akaueleza ukuta shida yake, akauomba ukuta usogeze ngoma mbele kwa siku chache.

"Mkwe wangu," Bibi Sikuzani akajibu kutoka ndani, "hao wageni wako wana mwali?"

"Hawana, mama."

"Basi wasogee wao."

Wageni hawakusogea. Walitokea Ruangwa asubuhi, walikolala, gari jeupe limejaa vumbi jekundu. Walikuwa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa mzee Tadeo, mpanga miji wa zamani, mwenye sauti ya taratibu na kalamu isiyotoka mkononi. Wa pili alikuwa Dokta Marystella, mhadhiri, miwani ya jua, viatu vya kisigino, Kiswahili cha Dar es Salaam, mtu ambaye njia nzima alikuwa akilalamika kuhusu kahawa. Wa tatu, katibu, nani tena kama si Brighton.

"Shikamoo, Mzee Maige," Brighton akasema kwa aibu.

"Marahaba. Shati langu vipi?"

Maige alijaribu kuwachelewesha. Pengine ngoma ingepumzika mchana, pengine mvua ya ajabu ingenyesha. Akawazungusha mjini, kosa kubwa, maana mjini ndiko ilikolala michoro yake marehemu. Walipita palipochorwa stendi mpya, wakakuta shamba la mihogo limestawi kwelikweli. Palipochorwa kipilefti, alikuwepo kijana anakaanga chipsi katikati, na magari yanamzunguka, kwa hiyo Maige akajaribu kusema kwamba kwa maana fulani kipilefti kipo. Kiwanja cha shule kilikuwa na baa nzuri sana, yenye ukuta wa bluu. Barabara pana ya kwenda Marambo ilianza vizuri, ikapungua, ikapungua tena, kisha ikaishia kwenye choo cha mtu. Mwenye choo aliwakaribisha.

Walipogeuza kurudi, kwenye barabara hiyo hiyo, walisimamishwa na ng'ombe. Walikuwa wengi, wanatembea pole pole katikati ya njia, na nyuma yao alikuwepo Masumbuko, mfugaji aliyehamia Marambo kutoka Kanda ya Ziwa. Alipomwona Msukuma mwenzake ndani ya gari la wakubwa alifurahi kupita kiasi, akamsalimia kwa Kisukuma, salamu ndefu, ya ukoo mzima, huku ng'ombe mmoja anajikuna kwenye bampa.

"Hii barabara uliipanga kwa ajili ya ng'ombe?" Mzee Tadeo akauliza.

"Hapana, mwenyekiti," akasema Maige kwa huzuni. "Ila wao ndio pekee wanaoifuata kama ilivyochorwa."

Brighton alicheka, akajifanya amekohoa. Mzee Tadeo hakuandika kitu. "Twende Mikoroshini," akasema. Hapakuwa na pa kukwepea tena.

Ngoma waliisikia kabla hawajazima gari. Vichaka vya miaka ile havikuwepo tena, nafasi yake ilichukuliwa na uzio wa matete uliofungwa kwa ustadi, mrefu kuliko mtu, na juu yake vumbi lilikuwa linapanda. Vigelegele vilipita hewani. Bodaboda iliyobeba magunia ya ufuta ilipofika karibu, dereva alizima injini akaisukuma kwa miguu mpaka alipopita.

Mlangoni akatokea Bibi Sikuzani, khanga kiunoni, unga wa mtama usoni. Maige akarudi nyuma ya gari mara moja.

"Shikamoo, bibi," akasema Mzee Tadeo.

"Marahaba, baba. Mmepotea?"

"Hatujapotea, bibi. Tumekuja kukagua eneo la wazi."

"Ndilo hili."

"Vizuri sana. Tunaomba kuingia."

"Leo limefungwa," akasema Bibi Sikuzani.

Mzee Tadeo alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zake hazikuwa na kifungu cha namna hiyo. Akatazama fomu, akautazama uzio, akamgeukia Dokta Marystella. "Wewe ni mwanamke," akasema, kama mtu aliyegundua jambo. "Ingia wewe."

Bibi Sikuzani akamtazama yule dokta kuanzia miwani hadi visigino. Akamwuliza swali kwa Kimwera. Wanaume wakaona haya kwa niaba yake, mtu wa watu hajui hata anaulizwa nini. Kisha dokta akavua miwani. Akainama, akavua viatu, kimoja, cha pili. Na akajibu kwa Kimwera, kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtoto aliyeitwa na mama yake. Bibi Sikuzani akauliza swali la pili, akajibiwa. La tatu Marystella hakulijibu kwa maneno. Alicheka akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Mtoto wa Chinongwe huyu!" Bibi Sikuzani akapiga kelele. "Kachezwa kabisa, na aliyemcheza namjua! Mbona mnamzungusha na magari?" Akamkamata mkono, wakapotelea ndani, na vigelegele vikaongezeka.

"Dokta anatoka Chinongwe, hii ya Ruangwa?" Brighton akauliza.

"Mimi nilijua Mbezi," akasema Mzee Tadeo.

Wakabaki wanaume watatu kivulini mwa mkorosho, wamesimama kama watu waliosahauliwa kwenye harusi. Mzee Tadeo, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kumhoji Maige.

"Ukubwa wake?"

Maige akautazama uzio, kana kwamba ungemjibia.

"Mteremko unaelekea wapi?"

"Nikiangalia maji yanakotokea mvua ikinyesha, naona kama upande wa kule, mwenyekiti."

"Unaona kama? Umbo lake mbona limepinda namna hii? Michoro yako mingine yote imenyooka. Kuna kitu gani katikati? Kuna miti? Kuna kisima?"

Brighton alijisogeza karibu na bosi wake wa zamani. "Mzee, taja namba yoyote," akanong'ona. "Nani ataingia na tepu kuhakiki?"

Na ni kweli, nani angeingia kupima? Namba moja ya uongo, iliyosemwa kwa sauti ya kitaalamu, na muhuri ni wake. Maige aliuona kabisa, wa duara, wino wa bluu, jina lake limezunguka pembeni. Alitaka kuisema ile namba. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Sijui, mwenyekiti," akasema. "Sijawahi kuingia."

Kalamu ya Mzee Tadeo ikasimama.

"Nilifika nikazuiwa. Nikazunguka kwa nje. Hicho kijani nilikipaka kwa sababu sikujua niweke nini. Kwenye fomu nimeandika kwamba nililitenga, lakini si kweli. Walikuwa wameshalitenga wenyewe, mimi nilifika tu."

"Kwa hiyo," Mzee Tadeo akasema taratibu, "katika michoro yako yote, ulioshuka..."

"Hakuna hata mmoja."

Maige aliona aibu iliyomfika hadi masikioni, na Brighton akageuka kuangalia mkorosho ili asimwone. Lakini pamoja na aibu, Maige alijisikia pia mwepesi, kama aliyetua mzigo njiani baada ya kubishana nao muda mrefu. Mzee Tadeo akafunga kalamu.

Hapo ndipo Marystella alipotoka. Alikuwa peku, viatu mkononi, unga kwenye paji la uso, jasho linamtiririka, na kisogoni nywele zake za saluni zilikuwa zimekata tamaa. Bibi Sikuzani alikuwa nyuma yake, na Maige akakimbilia tena nyuma ya gari.

"Haya, dokta, ripoti," akasema Mzee Tadeo. "Umeona nini?"

"Siwezi kusema."

"Wewe ni mkaguzi."

"Ni mkaguzi, mwenyekiti. Na siwezi kusema."

Mzee Tadeo akashika kichwa. Akalalamika kwa sauti, kwa wote waliokuwepo na wasiokuwepo: mwombaji hajawahi kuingia, aliyeingia hawezi kusema, na yeye atapeleka nini Dodoma? Bibi Sikuzani akauliza kuna shida gani. Akaelezwa. Akamtafuta mkwe wake kwa macho, akayaona makalio yake yakichungulia nyuma ya gari, akaguna.

"Huyu si wa kwanza kuja na kamba zake hapa," akasema. "Kabla yake alikuja mmoja, akaandika soko. Akaja mwingine, akaandika kituo cha polisi. Mwingine tena, sijui tangi la maji. Wote tuliwaambia msipite, wote walipita, wakachomeka vigingi."

"Na vigingi vikaenda wapi?" akauliza Mzee Tadeo.

"Tulivipikia maharage. Mti mkavu ule unawaka vizuri sana." Akamnyooshea kidole Maige. "Huyu mkwe wangu peke yake ndiye aliyezuiwa akazuilika. Akaandika paachwe. Na hata yule tajiri wa korosho alipotaka kujenga ghala, tulikwenda halmashauri, wakafungua ile karatasi, wakakuta kijani. Ghala likaenda kwingine."

Hilo Maige hakulijua. Stumai hakuwahi kumwambia, na alisimama nyuma ya gari lile mdomo wazi.

"Mwenyekiti," akasema Marystella huku anajifuta unga, na sauti ya mhadhiri ikawa imemrudia nusu. "Nimekagua miji mingi. Kila nilipokuta pameandikwa eneo la wazi nimekuta baa, au gereji, au kanisa la mtu binafsi. Leo nimekuta nini, siwezi kusema. Lakini baa sijaikuta."

Mzee Tadeo alimtazama. Mabega yakaanza kutikisika, kisha tumbo, na mwishowe akacheka mpaka akatafuta leso. Alipotulia akamwita Maige, akampa fomu na kalamu.

"Futa neno 'lililotengwa'," akasema. "Andika 'lililozungukwa'. Kanuni inataka mchoro uwe umeshuka kama ulivyochorwa, na huu umeshuka. Haikusema mpangaji awe amekanyaga."

Maige akafuta. Ule mstari, katika maisha yake yote, ndio aliouchora umepinda kuliko yote.

Wakati wanapanda gari Marystella alimvuta pembeni. Alikuwa bado hajavaa viatu.

"Kaka Maige, bibi ameniruhusu nikwambie jambo moja. Moja tu. Jina lako limo mle ndani."

"Limo wapi? Limeandikwa?"

"Haliandikwi. Linaimbwa. Una wimbo wako, wanauimba kila mwaka."

Maige akahisi macho yanamwasha. "Unasemaje?"

"Hilo," akasema Marystella, "hakuniruhusu." Akapanda, akafunga mlango, gari likaondoka na vumbi lake.

Jioni Stumai alirudi amechoka, sauti imekauka, unga kwenye nyusi. Mumewe alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Mama Yunisi, ule wimbo unasemaje?"

Stumai akasimama. "Nani kakwambia kuna wimbo?"

"Kumbe upo!"

"Upo. Unasema mwanaume akikaa mlangoni hivyo, ugali utachelewa." Akampita. Maige alimfuata hadi jikoni, akambembeleza, akamkumbusha ndoa yao, akatishia kwamba hata yeye ana siri za Kisukuma. Hakuambulia neno.

Muhuri ulikuja kwa basi miezi michache baadaye, ndani ya boksi dogo, na cheti chake. Maige hakuenda ofisini siku hiyo. Alikuwa ameuchora upya mtaa wa Mikoroshini, barabara na nyumba kama zilivyo kweli, pamoja na kona zake zote zilizomwudhi; na pale kati, lile eneo la kijani, limepinda kama alivyolizunguka siku ile. Akaweka karatasi juu ya meza ya kulia, akapulizia muhuri pumzi, akagonga kwenye kona ya chini. Akamwita mkewe.

Stumai alikuja anajifuta mikono. Akaisoma ile kona herufi kwa herufi. Kisha akahamia kwenye kijani, akaitazama kwa muda mrefu, kama alivyoitazama mara ya kwanza.

"Umefanya vizuri," akasema, akarudi kuosha vyombo.

Maige akabaki peke yake na jina lake. Lilikuwa zuri. Akaliinamia, akaligusa, wino ulikuwa haujakauka. Ndipo akasikia kutoka uani, katikati ya mlio wa sufuria na maji, Stumai anaimba kwa pua, bila maneno, wimbo ambao hakuwahi kuusikia. Akanyanyuka kwa kunyata, akasogea mlangoni. Kandambili ikalia. Wimbo ukakatika papo hapo.

Akasubiri. Kimya. Maji tu.

Basi akarudi nyuma pole pole, akakaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, asisogee tena. Na baada ya kitambo kidogo, huko nje, Stumai akaanza upya.